Kikulacho kiko chini ya kapeti

Siku niliyojua kwamba kobe wetu hana sakafu nilikuwa namuosha. Nimetoa kapeti zote, nikachukua nusu ndoo ya maji nikamwaga ndani, kule nyuma ya siti ya dereva, ili nisugue vizuri na brashi, maji yakapotea. Hayakutuama hata kidogo, fyuu, yakaenda zake. Na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi, nikasema hawa Wajerumani bwana, wameweka mpaka tundu la kutolea maji. Dogo wa jirani aliyekuwa ananisaidia akainama chini ya gari, akakaa kimya kidogo, afu akaniita, "Kaka njoo uone, hilo tundu kichwa changu kinapita."

Kobe ni Volkswagen Beetle ya 1971, injini ya 1300, gari ya mjomba. Jina sijampa mimi, nimemkuta nalo. Mjomba alimnunua 1979 mkononi kwa mmisionari mmoja wakati huo anafundisha Lushoto, na amepanda na kushuka zile kona za kutoka Mombo mara ambazo hata mwenyewe hajui idadi, na mpaka leo ukimchokoza tu anakuanzishia habari za Safari Rally ya 1962, Tommy Fjastad na Beetle yake kuchukua ushindi, enzi zile mashindano yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika, utadhani yeye ndo alikaa pembeni anasoma ramani. Alipostaafu akateremka Tanga mjini, Chumbageni, kobe akaegeshwa chini ya mwembe toka 2006. Miaka kumi na sita! Na bahari pale ni ya kwenda kwa miguu, jioni upepo ukivuma unalamba mdomo unasikia chumvi. Mwaka 2022 nikamwambia mjomba nipe mimi, akanipa funguo, na maelezo yote aliyonipa ni mawili, "Breki hana. Na usimpeleke kwa fundi mwenye haraka."

La breki nililisikia. La pili likapita.

Ya injini siwachoshi, ile mashine haina hata rejeta, inapoozwa na upepo, tumesafisha kabureta, plagi mpya, oili, betri, ikawaka ndani ya wiki mbili na mtaa mzima ukajua. Ndo hapo nikajiona nimemaliza, kumbe injini ni kazi ya mwisho kuogopa kwenye gari ya namna hii. Injini unaifungua, unaibeba, unapeleka kwa mwingine. Bodi huwezi kuibeba, ndo gari yenyewe.

Basi baada ya ile ndoo ya maji nikaanza kuchokonoa. Nina bisibisi bapa na sumaku niliyotoa kwenye spika mbovu, nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Kazi ya sumaku ni rahisi, unaipitisha juu ya bodi, pale inapovuta kuna bati, pale inapoteleza na kuanguka ujue hapo mtu alishapiga puti zamani, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, na chini yake sijui kuna nini. Madigadi ya mbele kulia sumaku iligoma sehemu kubwa kama kiganja. Chini ya milango yote miwili ikagoma. Ndani ndo balaa, bisibisi inaingia kwenye sakafu kama unachoma mkate, tena bila kugonga, na lile zulia gumu la lami lililobandikwa kiwandani kuzuia kelele ndo lilikuwa limeshikilia kila kitu, chini yake bati limekuwa maganda maganda ya rangi ya kahawa, unayainua kwa vidole kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Upande wa abiria mbele nikakuta kitu cha ajabu, duara. Alama ya kutu ya duara kabisa, imechorwa kwenye bati kama mtu katumia bikari, katikati pazima na nje pazima, ule mstari tu ndo umeliwa. Nikajua labda kuna tundu la kiwandani lilikuwa na kifuniko. Nikapiga picha nikaendelea.

Sasa niwaambie hii gari imeundwaje mana bila hivyo hamtaelewa nilipoharibu. Chini kuna mgongo wa chuma unaotoka mbele kwenda nyuma, katikati, upo kama handaki, ndani yake zinapita waya za klachi na za kukanyagia mafuta, na bomba la petroli nalo linapita humo humo, shikeni hilo. Kushoto na kulia ya mgongo huo zimechomelewa sakafu mbili. Bodi nzima inakaa juu ya hizo sakafu na inafungwa na bolti kuzunguka ukingo. Na kwenye ukingo, chini ya milango, ndani ya kizingiti, kuna boksi la bati lililo wazi ndani, linapitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini kuja mbele miguuni mwa watu. Yani hita. Lushoto mwezi wa saba asubuhi hita unaijua thamani yake. Tanga hita ya nini? Mjomba alipoteremka akaifunga kabisa, na lile boksi likabaki kopo lililofungwa, unyevu umo ndani hautoki, chumvi imo, giza. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa nje kizingiti kilikuwa kinang'aa na rangi yake ya samawati, nikakigonga na mpini wa bisibisi, nikategemea kisikike kama debe, kikasikika kama boksi la viatu.

Na hilo boksi halikuwekwa kwa ajili ya joto peke yake. Ndo nguzo. Ndo kinachofanya bodi isijikunje katikati.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu sana, karakana yake iko jirani, siitaji. Akaangalia dakika tano akaniambia bosi hii kazi ya siku mbili, tunapiga bati juu, ribeti, lami, huoni kitu. Bei yake ilikuwa tamu. Akaleta bati la kuezekea, lile la kung'aa, akakata vipande akalaza juu ya kutu ile ile, ribeti pembeni, sehemu nyingine akachomelea, afu akapaka lami nene chini na juu. Kizingiti akakijaza puti akasugua na msasa mpaka kikawa laini kama yai. Nikalipa. Nikapiga picha nikawatumia ndugu kwenye grupu, wakanipongeza.

Yule kijana wake aliyekuwa anachomelea jioni ile akaanza kutetemeka, homa, baridi, viungo vinauma, wakampeleka kupima malaria, hakuna malaria. Kesho yake mchana mzima kabisa. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba bati la kuezekea limepakwa zinki, ukilichoma zinki inatoa moshi mweupe, ukiuvuta unapata homa inayofanana na malaria kabisa halafu inaondoka yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Mafundi wengi watakwambia kunywa maziwa. Maziwa hayazuii chochote, ni matamu tu, dawa ni kukwangua zinki pale unapochomelea, kukaa upande wa upepo na kuziba pua kwa kitu cha maana, sio fulana.

Masika ya 2023 ilipoingia, wiki ya tatu, kizingiti kikaanza kutoa vipele. Vikawa malengelenge. Nikabonyeza kimoja na kucha kikapasuka kikatoa maji ya rangi ya chai. Puti sio bati jamani, puti inanyonya maji kama biskuti, ukiiweka juu ya tundu inavuta unyevu kutoka nyuma na kuuhifadhi palepale kwenye chuma. Na ile sakafu ya bati juu ya bati ilikuwa imetengeneza mfuko, maji yanaingia katikati hayana pa kutokea, kutu inavimba, mana kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ribeti zikaanza kung'oka zenyewe, tak, tak, usiku unasikia. Nilikuwa nimelipia kumuua kobe haraka zaidi.

Nikarudi kwa mjomba kichwa chini. Akacheka kwanza mpaka akakohoa. Ndo akanielekeza kwa mzee mmoja Ngamiani, fundi bodi wa zamani, ana karakana chini ya turubai, hana hata kibao. Nikamkuta amekaa juu ya kipande cha reli ya treni, kile ndo fuawe lake, kimesuguliwa juu mpaka kinaakisi sura. Nikampa shikamoo, nikamueleza. Hakuuliza gari imetoboka wapi. Akauliza, "Maji yanaingilia wapi?"

Nikamwambia mzee mimi nimekuja kwa ajili ya sakafu. Akasema, "Sakafu nitakutengenezea. Lakini shimo sio ugonjwa mwanangu, shimo ni kidonda. Maji yanaingilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Tukaanza hivyo hivyo.

Kazi ya kwanza ikawa kubomoa kazi niliyoilipia. Lami ile ilichukua siku tatu kukwangua, na mzee akakataza kuichoma na moto kuharakisha. Siti zikatoka, zimejazwa makumbi, zimekauka zinatoa vumbi la ajabu. Tangi la petroli likatoka, likapelekwa mbali kabisa ng'ambo ya uwanja, bomba la petroli ndani ya mgongo likapulizwa na kompresa mpaka likaisha harufu, mana pale utachomelea sentimita chache kutoka lilipo. Kila siku ya kuchomelea ndoo ya mchanga iko pembeni na gunia limelowekwa. Mimi nikaona anazidisha, mpaka siku kipande cha lami kilichobaki chini ya mgongo kikashika moto polepole huku sisi tunaangalia upande mwingine, dogo akatupia gunia. Sikusema tena.

Chini ya siti ya nyuma kulia ndo inakaa betri, kwenye Beetle za zamani betri iko ndani ya gari, abiria anaikalia. Miaka yote ile asidi imekuwa ikimwagika tone tone, kwa hiyo ile sehemu niliyomwaga ndoo ya maji haikuliwa na bahari, iliunguzwa na betri. Mzee akaniambia nenda nyumbani lete magadi. Nikadhani nimesikia vibaya. Magadi, haya ya kulainishia maharage. Tukayakoroga kwenye maji tukamwaga pale kwenye ukingo wa bati zima, yakachemka, povu likapanda, chaaa, akaniambia likiacha kutoa povu asidi imeisha, suuza kausha. Bila hivyo unachomelea bati jipya juu ya asidi na inaanza kula upya kesho yake.

Halafu nikaharibu.

Mzee alikuwa amesema kabla hatujakata vizingiti tunachomelea skwea paipu ya inchi moja kwenye kila tundu la mlango, moja ya mlalo na moja ya mshazari, kushikilia bodi isiachie. Upande wa kulia akaweka mwenyewe. Kabla hajaweka kushoto akapata msiba Pangani akaondoka. Siku tatu. Mimi nina grenda ya kuazima, nina dogo, nina kiherehere. Nikasema upande wa kushoto kizingiti kimeoza chote, hakishikilii kitu, ngoja nikitoe mzee akirudi akute kazi imesogea. Nikaweka jeki mbele, jeki nyuma, nikakata. Sauti ya grenda ilivyonyamaza nikasikia sauti nyingine ndogo, kama mtu anakunja chupa ya plastiki. Bodi imekaa chini katikati. Kidogo tu, kama unene wa vidole viwili. Mlango uliokuwa unafunga kwa kusukuma na kidole ukawa unagonga nguzo ya nyuma kwa juu, haufungi hata ukiubamiza.

Usiku ule sikulala, na sitanii.

Mzee aliporudi akazunguka gari mara mbili na mikono nyuma. Hakunigombeza, ndo iliyoniumiza zaidi. Akachukua jeki ya chupa, akaweka kipande cha mbao ya mninga chini ya bodi katikati ya tundu la mlango, akawa anapandisha robo mzunguko, anaenda kuangalia nafasi kati ya mlango na nguzo, anaingiza kipande cha kadibodi juu, katikati na chini, anarudi kwenye jeki. Saa nzima na nusu. Kadibodi ilipopita sawa sehemu zote tatu ndo akaniambia chomelea paipu sasa. Kwa hiyo kama kuna mmoja anasoma hapa ana gari ya zamani uani na vizingiti vimeoza: milango ibaki imefungwa kwenye bawaba zake wakati unafanya kazi, ndo kipimo chako, na shikilia kwanza ndo ukate, upande mmoja kwa wakati. Bodi iliyochomelewa ikiwa imepinda imepinda milele.

Bati lenyewe. Mzee alikataa bati la kuezekea na alikataa pia nililokuja nalo, eti nimelikuta bei nzuri. Akataka shiti nyeusi, yani isiyopakwa zinki, geji 18 kwa sakafu, kama milimita moja na nukta mbili hivi, na geji 20 kwa vipande vya madigadi na milango kwa sababu geji 18 kwenye madigadi huwezi kuikunja mviringo ikaeleweka. Paneli mpya zilizotengenezwa tayari zipo duniani, Beetle zimetengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka Puebla, Mexico, 2003, kwa hiyo biashara ya vipuri vyake haifi leo. Lakini nikapiga hesabu ya sakafu mbili kuletwa kwa meli na kodi nikaona nitakuwa na sakafu nzuri sana na sina hela ya kununua gari ya kuziweka.

Na sakafu ya Beetle sio bati bapa, ina mifereji imebonyezwa. Nikamuuliza mzee hiyo mifereji ni urembo? Akachukua kipande bapa cha shiti akakiweka juu ya matofali mawili, akakibonyeza na gumba katikati, pwak. Akaachia, pwak. "Utaendesha na hiyo mpaka Muheza?" Afu akanionyesha. Ana ubao mnene wa mninga aliouchonga mfereji kwa patasi. Shiti inalazwa juu ya ubao, juu ya shiti inawekwa nondo ya milimita 12 sambamba na mfereji, halafu nyundo. Sio kwa nguvu. Anapiga nondo mwanzo, katikati, mwisho, anarudi, kila mzunguko inazama kidogo, mkono wake wa kushoto umeshika shiti na anausikiliza, nadhani anausikiliza kwa kiganja, mana bati likianza kujivuta pembeni anasimama kabla mimi sijaona chochote, analigeuza, anagonga mgongoni mara mbili tatu, anaendelea. Mifereji mitano ilichukua mchana mzima. Akaliweka tena juu ya matofali akasema bonyeza. Nikabonyeza na gumba, nikabonyeza na kiganja, kimya. Nikapanda juu. Kimya.

Kuchomelea tulitumia mashine ya MIG ya kukodi, waya mwembamba wa milimita 0.8. Ile mashine ya fimbo ya kawaida kwa bati jembamba inatoboa tu, unaziba tundu moja unafungua mawili. Kwenye ukingo wa mgongo, kiwandani walikuwa wamebana kwa nukta nukta, sisi tukatoboa shiti mpya matundu ya milimita 8 kila baada ya vidole viwili, tukalaza juu ya ukingo, tukajaza kila tundu kwa moto mpaka likashikana na chuma cha chini. Ukisaga juu na grenda huoni tofauti na ya kiwandani. Sehemu zenye vitundu vidogo vidogo mzee ana kipande cha bomba la shaba la friji bovu, amekigonga kikawa bapa kama ulimi, unakishikilia nyuma ya tundu huku unajaza mbele, moto haushiki kwenye shaba, ukitoa unakuta tundu limejaa laini. Kile kipande nimetamani kumuibia.

Kwenye madigadi akaniachia mimi. Madigadi ya Beetle ni ya kufunga na bolti, spana 13, na katikati yake na bodi kuna ukanda wa plastiki, kwa hiyo unaivua unaenda kuifanyia kazi mezani, raha tupu, kama bolti zitakubali. Mbili zilikubali baada ya kulala na dizeli usiku mzima. Tatu zilikatika. Nyingine zilizunguka na nati yake ndani, tukakata. Nikapunguza ile sehemu yote yenye puti mpaka nikakuta bati linalong'aa, nikaweka kiraka changu cha geji 20, kimekaa vizuri ukingo kwa ukingo, nikachomelea mstari mmoja mzuri mrefu, sentimita kumi, najiona fundi. Kabla haijapoa bati likajikunja kama chapati ya mtu anayejifunza. Mzee akaja akaangalia akasema unakimbilia wapi. Unapiga nukta moja hapa, unaenda kule mwisho unapiga nyingine, unarudi katikati, unaweka mkono, ikiwa inaunguza unasubiri, unaenda kunywa kahawa. Kiraka cha ukubwa wa sahani kinachukua saa mbili. Nilikata kile changu nikaanza upya, na cha pili nacho hakikunyooka sana, kina wimbi dogo ukikiangalia jua la jioni, nimekiacha.

Puti tulitumia, nisijifanye. Lakini mwisho kabisa, juu ya bati zima lililopakwa praima ya epoksi, na nyembamba, mzee alikuwa anapima kwa kucha. Kosa langu la mwisho lilikuwa hapa. Epoksi ilikuwa haba, milango nikaipaka ile praima ya kijivu ya kawaida, hela ya rangi ikachelewa, milango ikakaa wiki tano nje. Vuli. Praima ya kawaida ina vinyweleo, maji yanapita, nilipokuja kupiga msasa nikakuta chini kutu ya machungwa imetandaa kama ukungu. Msasa wa milango miwili, kwa mkono, upya. Ndo hapo pia nikaona vitundu vya kutolea maji chini ya mlango vimezibwa na udongo na majani ya mwembe, maji yanayopita kwenye kioo yanashuka ndani ya mlango na kukaa mle kama kisima. Tumevifungua na msumari. Miaka yote ile kilichokuwa kinahitajika ni msumari.

Vizingiti vipya ni boksi la geji 18 lililokunjwa kwa mashine mjini, bila njia ya joto, na mzee ametoboa matundu mawili upande wa ndani yenye vifuniko vya mpira, kila baada ya miezi kadhaa namwaga oili nyepesi humo ndani. Watu wanapaka oili chafu, inazuia kutu kweli, ila inanuka na inakula mipira, mimi nimeamua safi.

Kobe akateremka kwenye matofali mwezi wa pili 2024. Rangi ya samawati ile ile. Milango inafunga, wa kushoto unataka kuinuliwa kidogo, huo ni msalaba wangu.

Lakini lile swali la mzee lilikuwa halijajibiwa lote. Betri tumejua, vitundu vya milango tumejua, boksi la hita tumejua. Upande wa abiria mbele hatukujua, na masika ilipoanza nikaingia na tochi, nikapeleka mkono chini ya kapeti, unyevu. Nikamleta mjomba aone gari yake, mvua inanyesha, akakaa siti ya abiria, akashika shika dashibodi, akanusa. Nikamwambia mjomba kuna maji yanaingia hapa miguuni mwako, nimetafuta mpira wa kioo, nimetafuta bawaba, sijaona.

"Aaah, hiyo," akasema. "Mpira wa kioo, kona ya juu, yanapita ndani ya nguzo yanatokea hapa chini. Toka 1983. Mkaza mjomba wako alikuwa anategesha kopo la Blue Band, tukifika Mombo analimwaga."

Jioni nikaingia stoo nikatafuta vile vipande vya sakafu ya zamani nilivyokata, nikakipata kile chenye duara. Nikaenda jikoni nikachukua kopo, nikaliweka juu yake. Limekaa.